Sauti za Watu Watatu

Katikati ya wimbo "Bohemian Rhapsody" wa bendi ya Queen kuna umati. Kwaya inapanda na kushuka, makundi yanaitana na kujibizana, na msikilizaji anaweza kuapa kwamba ukumbi ulijaa waimbaji. Waliosimama mbele ya kipaza sauti walikuwa watatu tu: Freddie Mercury, Brian May na Roger Taylor. John Deacon, mpiga besi, hakuimba humo.

Ufundi huu ndio unaonifanya niupende wimbo ule kuliko sifa zake zote. Mwaka 1975 studio ilirekodi kwenye utepe wenye njia 24 za sauti, na humo piano, besi na ngoma nazo zilitaka nafasi yake. Basi watatu wale waliimba kifungu kimoja, wakakirudia, wakakirudia tena: Taylor akishika sauti za juu kabisa, May za chini, Mercury za kati. Njia zilipojaa, mtayarishaji Roy Thomas Baker na fundi mitambo Mike Stone walizichanganya zikawa chache, nafasi ikapatikana, wakaanza upya. Sauti zilizokwisha kuchanganywa hazikutenganishika tena, kwa hiyo kila uamuzi ulikuwa wa mwisho. Utepe nao ulichubuka kila ulipopita mtamboni. Wenyewe wamesimulia kwamba ulifika mahali ukaonyesha mwanga upande wa pili. Sehemu ya kwaya peke yake iliwachukua takriban wiki tatu.

Mercury alizidi kuleta vifungu vipya, na Baker akawa anakata utepe kwa wembe na kuunga kipande kingine. Hapo namkumbuka msukaji wa mkeka: husuka ukili mwembamba, mrefu, kisha huushona ubavu kwa ubavu, na sifa yake ni jicho lisione ulipoungwa. Wimbo huu una maungo makubwa, kutoka piano ya huzuni hadi kwaya, kutoka kwaya hadi roki yenye gita kali. Sikio hurukaruka lakini halijikwai.

Mercury alizaliwa Unguja mwaka 1946, kwa jina la Farrokh Bulsara, katika familia ya Kiparsi, na piano alijifunza akiwa shule ya bweni nchini India. Familia yake ilihamia Uingereza mwaka 1964. Wazanzibari wana haki ya kumwonea fahari, ingawa kazi ninayoisifu hapa ilifanywa Uingereza, na kwa mikono ya wengi.

Santuri ya wimbo huo ilitoka tarehe 31 Oktoba 1975. Ilikaribia dakika sita, wakati nyimbo za redioni zilizoea dakika tatu hivi. Ikapendekezwa ifupishwe, bendi ikakataa, na ilikuwa na haki. Ungekata wapi? Mtangazaji Kenny Everett wa Capital Radio, London, alipewa nakala kabla ya wakati, akaipiga mara 14 katika mwisho wa wiki mmoja, hata watu wakaanza kuiulizia madukani kabla haijafika. Ilikaa kileleni Uingereza wiki 9. Baadhi ya wahakiki waliona humo majivuno matupu. Mimi naona walihukumu mapambo wakaacha kutazama mshono.

Mercury alipofariki Novemba 1991, wimbo ulirudi kileleni kwa wiki 5, na mapato yakaenda kwa Terrence Higgins Trust, shirika linalowasaidia watu wanaoishi na VVU. Marekani, ulikokuwa umefika nafasi ya 9 mwaka 1976, filamu ya "Wayne's World" iliupandisha hadi ya pili mwaka 1992. Vijana ambao hawakuwa wamezaliwa ulipotoka sasa waliujua wote kwa moyo.

Jukwaani Queen hawakujaribu kuiimba ile kwaya. Katika tamasha la Live Aid, Wembley, Julai 1985, Mercury alipiga sehemu ya mwanzo kwenye piano, kisha bendi ikaingia wimbo mwingine kabla kwaya haijafika. Katika maonyesho yao wenyewe waliondoka jukwaani, utepe ukapigwa, na hadhira ikasikiliza kazi ya studio kama ilivyotengenezwa. Gita la May liliponguruma wakarudi mbio, wakaupiga uliobaki wao wenyewe.