Hama, Sogea, Ondoka: Kiswahili Kinavyogawa Kazi ya Kubadili Mahali

Kitenzi cha Kiingereza move hufanya kazi nyingi kwa umbo moja. Kiswahili kimezigawa kazi hizo kwa vitenzi kadhaa, na mgawanyo wenyewe una utaratibu. Mzizi wa kitenzi hueleza aina ya mwendo: ni hatua chache, ni safari, au ni makazi yanayobadilika. Viambishi tamati hueleza mambo mengine mawili: nani amesababisha mwendo huo, na ni mahali gani panapotajwa, pale palipoachwa au pale panapofikiwa.

Sogea ni mwendo mfupi. Konda wa gari la Mkuyuni, mkoani Morogoro, anayetaka abiria wapishe wenzao mlangoni husema "sogea nyuma kidogo, mama". Anayesogea habadilishi shughuli wala makazi. Amepisha nafasi tu. Songa hukaribiana na sogea, ila ndani yake mna kubana. Ndiyo maana magari yakijazana barabarani pana msongamano, na ugali husongwa kwa kuubana unga kwa mwiko mpaka ushikane. "Songa mbele" kwa hiyo humfaa mtu anayesonga katikati ya kizuizi au umati, na kutokana na hapo limekuwa neno la kutiana moyo. Jongea nayo ina maana ya kukaribia taratibu, lakini hutumika zaidi katika maandishi na ibada: waumini hujongea altareni, abiria husogea kwenye kiti.

Tofauti kubwa zaidi ni kati ya ondoka na hama. Mkulima anayetoka Mkuyuni alfajiri na mikungu ya ndizi kwenda kuiuza Morogoro mjini ameondoka, na jioni atarudi. Akifunga godoro, sufuria na mbuzi wake akaenda kuishi Kiroka, amehama. Ondoka hutaja tu kuacha mahali. Hama hudai kwamba maskani yamebadilika. Kwa sababu hiyo jiwe likisukumwa na maji limesogea au limeviringika, wala haisemwi kwamba limehama. Mto, hata hivyo, huweza kuhama mkondo, kwa kuwa mkondo ni kama makao yake. Mteremko wa milima ya Uluguru unapolowa mvua ukaachia, udongo umeporomoka. Kitenzi poromoka kimekwisha kubeba namna ya mwendo na upande wake, hivyo hakihitaji kielezi cha "kwenda chini".

Kazi ya viambishi huonekana vizuri katika hama. "Amehama Mkuyuni" maana yake hayupo tena. "Amehamia Mkuyuni" maana yake sasa anaishi huko. Tofauti yote imebebwa na kiambishi -i- cha kauli ya kutendea, ambacho hapa huelekeza kitendo mahali pa kufikia. Sentensi "amehamia Mkuyuni kutoka Matombo" ni kamili, lakini "amehamia kutoka Matombo" ina pengo, kwa sababu kitenzi kimeahidi mahali pa kufikia na hapakutajwa. Kiambishi hicho hufuata ulinganifu wa irabu: panda hutoa pandia na sukuma hutoa sukumia, bali songa hutoa songea. Sogea, ambayo shina lake huishia na irabu, huongeza l na kuwa sogelea.

Kauli ya kutendesha huleta msababishaji: hamisha, sogeza. Viambishi vikifuatana huwa na mpangilio wake. Katika "mwalimu amehamishiwa Mkuyuni", ham- ni mzizi, -ish- huonyesha kwamba yupo aliyemhamisha, -i- huelekeza Mkuyuni, na -w- humweka mwalimu kuwa mtendwa. Umbo hilohilo hufanya kazi nyingine mtendwa anapokuwa ni yule anayeguswa na tukio. "Wanakijiji wamehamishiwa soko" haimaanishi kwamba wao wamepelekwa popote. Lililohamishwa ni soko, na wao ndio wanaopata faida au hasara.

Kuchagua kati ya hamia na hamishiwa ni kusema nani aliyeamua. Novemba 1973 Rais Nyerere alitangaza kwamba kufikia mwisho wa 1976 wananchi wote wa mashambani wawe wanaishi katika vijiji, na utekelezaji wake ukaitwa Operesheni Vijiji. Anayeandika "wananchi walihamia vijijini" anawafanya wawe watendaji. Anayeandika "walihamishiwa vijijini" anaonyesha kwamba kulikuwa na mkono mwingine. Habari za makao makuu zilichukua umbo la kwanza: chama cha TANU kiliamua mwaka 1973 kuyahamishia Dodoma, Rais Magufuli akatoa msukumo mpya Julai 2016, na magazeti yakaandika "Serikali kuhamia Dodoma", kwa kuwa mwamuzi na mhamaji ni mmoja.

Nomino hurithi mgawanyo huu. Mhamaji huhama bila kutaja aendako, kama mfugaji wa kuhamahama, ambapo urudufu huonyesha kitendo kisichokoma. Mhamiaji ana nchi anayoingia, na ndiyo sababu idara inayoshughulikia wageni huitwa Uhamiaji. Uhamisho hutoka katika hamisha, hivyo mtumishi wa umma huomba au hupewa uhamisho na mwajiri.

Zipo kazi za move ambazo hazina mwendo wa mwili kabisa, na hapo Kiswahili huacha familia yote hii. Waziri anapomaliza hotuba ya bajeti husema "naomba kutoa hoja", na wanaomuunga mkono husimama na kutamka "naafiki". Mtu aliyepatwa na huzuni kwa habari aliyoisikia ameguswa. 

Kwa mfasiri wa move, utaratibu unatokana na hayo. Kwanza ahakikishe kama kuna mwendo wa kweli. Kisha achague mzizi kwa kuangalia umbali na makazi. Mwisho aongeze viambishi kulingana na msababishaji na mahali panapotajwa. Akianza na viambishi kabla ya mzizi, ataandika kwamba abiria wamehamishwa viti wakati waliombwa kusogea tu.