Mundu, Nasaba na Alama: Uhakiki wa Istilahi za Kiswahili katika Utafiti wa Selimundu

Utangulizi

Istilahi ya kitabibu hupimwa wapi? Sisi tunaoshughulika na istilahi tumezoea kuipima mezani. Tunauliza kama ni fupi, kama inafuata mofolojia ya Kiswahili, kama inanyumbulika na kama haigongani na nyingine. Vigezo hivyo ni vya lazima. Hoja ya makala haya ni kwamba havitoshi pale ambapo msomaji si mwanafunzi, bali ni mzazi aliyekabidhiwa fomu ya ridhaa na kuombwa atie saini ili damu ya mwanawe ipelekwe maabara kwa utafiti.

Nimechagua istilahi za selimundu kwa kuwa utafiti wa ugonjwa huu umefanyika miongoni mwetu tangu zamani. Mwaka 1949 Lehmann na Raper walichapisha matokeo yao kuhusu mtawanyiko wa hali hii nchini Uganda, ambamo Baamba wa bonde la Semliki walionekana kuwa na kiwango cha juu sana. Mwaka 1954 Allison, aliyekulia Kenya, alionyesha uhusiano wa hali hii na kinga dhidi ya malaria. Uchunguzi wa kitaifa wa Uganda uliochapishwa mwaka 2016 ulipima sampuli 97,631, yaani matone ya damu yaliyokaushwa ambayo yalikuwa yamekusanywa katika mpango wa kupima VVU kwa watoto wachanga. Asilimia 13.3 ya watoto hao walikuwa na jeni moja ya selimundu, na asilimia 0.7 walikuwa na ugonjwa wenyewe. Damu, basi, imekuwa ikitoka kwetu kwa zaidi ya miaka sabini, ilhali msamiati wa Kiswahili wa kuizungumzia ni wa juzi.

Mundu na hadubini

Jina selimundu ni tafsiri aminifu ya kitu kilichoonekana kwenye hadubini. Mwaka 1910 daktari James Herrick wa Chicago alieleza damu ya mwanafunzi kutoka Grenada, ambayo baadhi ya chembe zake zilikuwa zimepinda kama mundu. Mwaka 1922 Mason akaupa ugonjwa jina linalotokana na umbo hilo. Waliounda istilahi ya Kiswahili walichukua seli na mundu wakaviunganisha bila kiunganishi, kwa utaratibu uleule wa mwanahewa na batamaji. Kwa vigezo vya mezani ni istilahi safi, na mimi mwenyewe nimewahi kuisifu darasani.

Hata hivyo, hili ni jina la mtazamaji. Mgonjwa haoni mundu; anaona mifupa inayouma usiku. Linganisha na jina la Kiga cha Ghana, chwechweechwe, ambalo Konotey-Ahulu alilijadili katika maandishi yake: sauti yenyewe inarudiarudia kama maumivu yanavyorudi. Waganda wana nnalubiri. Ukivuka mpaka kuingia Kongo utasikia watu wakisema mtoto ni SS, herufi zilizotoka moja kwa moja kwenye jibu la maabara. Tena, kwa Mkikuyu na kwa Mluhya, neno mundu, au omundu, ni mtu. Mwanafunzi wangu mmoja alikaa muhula mzima akiamini kwamba selimundu ni chembe za binadamu kwa jumla, na sikuweza kumlaumu, kwa maana uchambuzi wake wa mofimu ulikuwa sahihi katika lugha yake.

Je, tulibadilishe jina? Hapana. Jina hili limekwisha kuenea, na lina fadhila moja isiyotajwa mara nyingi: halina historia ya lawama. Halimtaji mchawi, halitaji laana, wala halimtaji mama. Matatizo yanaanzia katika maneno yanayolizunguka.

Nasaba, mirathi na lawama

Neno vinasaba limeenea zaidi Tanzania, ambako hutumika kwa jeni na kwa DNA bila kutenganishwa. Kenya wengi husema jeni. Mzizi wake ni nasaba, ukoo wa mtu na heshima ya ukoo huo. Anayeambiwa kwamba ana vinasaba vya ugonjwa anasikia, kabla ya biolojia yoyote, kwamba ukoo wake una doa. Isitoshe, magazeti yamelizoesha neno hili katika muktadha wa kesi za uhalali wa baba, uhalifu na utambuzi wa miili baada ya ajali. Tanzania ina sheria ya vinasaba vya binadamu ya mwaka 2009, na kwa mwananchi wa kawaida kipimo cha vinasaba ni kipimo cha kujua mtoto ni wa nani.

Wahudumu wa utafiti huliita jambo hili kutoelewa. Mimi nadhani baba anayekataa kupimwa ameelewa vizuri kuliko fomu. Kwa kawaida mtoto mwenye jeni mbili za selimundu amepata moja kwa mama na moja kwa baba. Baba akipimwa akaonekana hana hata moja, swali la uzazi linazuka lenyewe, hata kama mradi haukukusudia kuliuliza. Neno limefichua jambo ambalo fomu imelinyamazia. Kulibadilisha neno ili baba asishtuke, bila kuandika matokeo hayo yatashughulikiwaje, kungekuwa kumtega.

Kurithi nako kuna mtego wake. Katika Kiswahili hurithi aliyefiwa, na hurithi kitu ambacho marehemu alikuwa nacho. Ndipo tukapata mirathi. Tukisema mtoto ameurithi ugonjwa, mzazi anajitazama, anajiona mzima, anawatazama wazee wake, nao wanaonekana wazima. Swali lake, amerithi kutoka kwa nani, ni la kimantiki kabisa. Kilichopita kutoka kwa mzazi kwenda kwa mtoto si ugonjwa, ni jeni moja. Ugonjwa umetokea pale jeni mbili zilipokutana. Sentensi hiyo ni ndefu kuliko istilahi yoyote, lakini ni ya kweli, na ninapendekeza fomu iibebe yote.

Kwa mwenye jeni moja, maandishi mengi husema mbebaji. Mbebaji ana mzigo, na mwenye mzigo anaweza kuutua kwa mwingine. Mengine husema kabisa kwamba watu hawa wana vimelea vya selimundu. Hili si suala la mtindo tena, ni kosa la kisayansi, kwani kimelea ni kiumbe hai kinachoingia mwilini kutoka nje. Halafu kuna jeni mbovu. Baada ya Ingram kuonyesha katika miaka ya 1950 kwamba tofauti yote ni ya asidi amino moja katika himoglobini, na baada ya Allison kuonyesha kwamba mwenye jeni moja hukingwa kwa kiasi kikubwa dhidi ya malaria kali, kivumishi hicho hakina mahali pa kusimama. Jeni hii imeenea katika nchi zenye malaria kwa sababu iliwasaidia waliokuwa nayo moja kuishi. Binti anayevunjiwa uchumba kwa ajili ya jeni mbovu anastahili angalau kivumishi kisichosema uongo. Mwenye jeni moja ya selimundu inatosha.

Alama isiyoonekana

Miaka michache iliyopita niliombwa kupitia tafsiri ya fomu ya ridhaa ya mradi mmoja. Fomu ilikuwa imetafsiriwa kwa Kiswahili, kisha mtu mwingine akairudisha katika Kiingereza, na matini mbili za Kiingereza zikafanana. Niliipitisha. Baadaye nilikaa na wazazi walipokuwa wakisomewa. Walipofika kwenye maneno “alama za ugonjwa katika damu ya mtoto”, mama mmoja alipandisha mkono wa shati la mwanawe akanionyesha kovu.

Kosa lilikuwa langu. Utaratibu wa kurudisha tafsiri hupima uaminifu kwa Kiingereza. Mrejeshaji, aliyekuwa msomi kama mimi, alikutana na alama akaandika neno lililotarajiwa. Hakuna hatua yoyote iliyomuuliza mama amesikia nini. Kwake alama ni kitu cha kuonekana: kovu, baka la kuzaliwa, chale. Na kama alama haionekani, basi ni dalili, nayo dalili humpata mgonjwa mwenyewe. Kitu tulichokusudia si hiki wala si kile. Ni kipimo kinachoweza kumwambia mtafiti jambo kuhusu mwendo wa ugonjwa hata siku ambayo mtoto anacheza mpira.

Mfano mwafaka ni himoglobini F, ile ambayo mtoto huwa nayo kwa wingi akiwa tumboni. Wagonjwa wanaoendelea kuwa nayo kwa kiwango kikubwa kwa kawaida huugua kwa nafuu. Mwaka 2011 watafiti, Julie Makani wa Muhimbili akiwamo, walichapisha uchunguzi wa kijenetiki wa himoglobini hii kwa wagonjwa wa Tanzania na wa Uingereza, na jeni iitwayo BCL11A ni miongoni mwa zilizohusishwa nayo. Mwishoni mwa 2023 Uingereza na kisha Marekani ziliidhinisha tiba inayoihariri jeni hiyo hiyo ili himoglobini F irudi. Kwa hiyo neno tunalolitafuta si pambo la kamusi. Siku tiba za aina hiyo zitakapoletwa kujaribiwa huku, mzazi ataombwa akubali jeni ya mwanawe ihaririwe kwa msingi wa kitu ambacho leo tunakiita alama.

Kiashiria ni bora kidogo, kwa kuwa huelekeza kwenye kitu kingine badala ya kukaa juu ya ngozi. Tatizo lake ni ukavu wa kiofisi: wengi wamelikuta katika ripoti za miradi na viashiria vya maendeleo. Nimejaribu kipimo-elekezi, wenzangu wakacheka, na walikuwa na haki. Kwa sasa, katika fomu ninazopitia, naandika kiashiria mara ya kwanza na papo hapo kukifafanua: “kitu katika damu kinachoweza kutuonyesha ugonjwa utakuwa mkali au mwepesi, ingawa mtoto hakisikii mwilini.” Kisha, kabla ya saini, mzazi huombwa aeleze kwa maneno yake nini kitafanywa na damu ya mwanawe, na maelezo hayo huandikwa kwa lugha aliyoyasemea. Mradi mmoja ulilalamika kwamba jambo hilo linaongeza dakika kumi kwa kila familia. Ni kweli, linaongeza.