Sauti ya Chuma Kizima

Anayenunua pikapu iliyotumika hufungua mlango, hushika usukani, husikiliza injini, huzunguka akitazama matairi. Wachache hulala chali chini yake, na huko chini ndiko gari lilipo hasa. Hilux, tangu zile za kwanza za mwaka 1968, na pikapu za Land Cruiser za mfululizo wa 70 ulioanza mwaka 1984, zimejengwa juu ya chasisi ya ngazi: mihimili miwili mirefu iliyoungwa kwa vyuma vya kukingama. Kabini, injini, springi, bodi na magunia ya nazi, vyote vinaegemea hapo. Kioo kikipasuka hubadilishwa. Injini ikichoka hushushwa, ikapandishwa nyingine. Chasisi ikioza gari limekufa, hata kama linawaka kwa ufunguo mmoja.

Nataka kuisifu kazi ya kuisafisha chasisi hiyo kutu na kuipaka rangi upya, nyumbani, kwa mkono. Mnyoosha bodi ana mashabiki wake. Akimaliza, watu husimama kujitazama kwenye mlango unaong'aa. Anayekwangua kutu chini hutoka na vumbi jekundu kwenye nyusi, na alichokifanya hufunikwa na tope siku ya kwanza ya mvua. Hata hivyo, mlango unaong'aa haujawahi kubeba tani ya saruji.

Sisi wa Tanga, Mombasa na Malindi tuna sababu ya kuijua kazi hii kuliko watu wa bara. Upepo wa bahari hubeba chembe za chumvi na kuziacha kwenye kila chuma. Pikapu za samaki zina balaa lao la ziada: barafu huyeyuka kwenye matenga, na maji yenye chumvi huchuruzika kupitia nyufa za bodi mpaka kwenye mihimili, safari baada ya safari. Kule Gongoni na Marereni, kwenye mashamba ya chumvi ya kaskazini mwa Malindi, gari hukanyaga chumvi yenyewe. Magari mengine hutufikia yakiwa yameugua tayari. Uingereza na sehemu za Japani zenye theluji humwaga chumvi barabarani wakati wa baridi, na gari lililoishi huko linaweza kuliwa vya kutosha kabla halijaiona bandari yetu.

Chuma hushika kutu kikikutana na maji na oksijeni. Chumvi huyafanya maji hayo yapitishe umeme kwa urahisi, na umeme huo mdogo ndio unaoking'oa chuma chenyewe kidogo kidogo. Tena chumvi huvuta unyevu wa hewani, hivyo chasisi inaendelea kuliwa hata siku ambayo hakujanyesha. Kutu inayozaliwa huhitaji nafasi kubwa mara kadhaa kuliko chuma kilichopotea. Ndiyo maana ikiingia kati ya mabamba mawili yaliyoungwa huyasukuma yakaachana, na ikikaa juu ya mhimili hunyanyuka kwa magamba.

Asidhani mtu kwamba rangi ya kiwandani inamaliza habari. Mwaka 2008 Toyota ilitangaza huko Marekani kuwa inarefusha dhamana ya pikapu zake za Tacoma za 1995 hadi 2000 iwe miaka 15 kwa ajili ya kutu ya chasisi, na zilizooza kupita kiasi ikazinunua tena kutoka kwa wenyewe. Mwaka 2016 ikakubali suluhu ya kesi iliyohusu magari yapatayo milioni 1.5 ya Tacoma, Tundra na Sequoia. Chasisi zile zilitoka zimepakwa.

Kazi huanza kwa maji, si kwa grenda. Hili nalisisitiza kwa sababu ndipo wengi wanapoharibu. Brashi ya waya haiondoi chumvi. Huisugua ikazama kwenye vishimo vya chuma, juu kukang'aa, na kesho yake madoa meusi yenye unyevu yanajitokeza pale pale. Kwa hiyo ondoa grisi na tope kwa mafuta ya taa, osha kwa sabuni, kisha suuza kwa maji baridi ya kisima au bomba mpaka uchoke, halafu suuza tena. Gari liwe juu ya stendi imara, magurudumu yaliyobaki chini yawekewe kabari. Kulala chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake ni kuchezea roho.

Halafu nyundo ndogo. Fundi mmoja mzee wa Ngamiani, Tanga, ambaye nikimwamkia shikamoo huitika bila kuacha kugonga, aliniambia, "Mwanangu, jicho hudanganywa na rangi. Gonga." Chuma kizima hulia kwa sauti kali inayokwenda mbali. Kilicholiwa hujibu bubu, na nyundo hairuki kurudi mkononi. Unakwenda nao mhimili shubiri kwa shubiri, ukiweka alama ya chaki kila panapopwaya: karibu na vikalio vya springi, juu ya gurudumu la nyuma, kwenye viungo vya vyuma vya kukingama. Palipoishiwa unene rangi haitaparudishia. Hapo aitwe mchomeleaji, na kabla hajawasha moto tangi la mafuta lishushwe, mabomba ya breki na nyaya visogezwe. Kwangu mimi huu ndio moyo wa ufundi wenyewe. Saa nzima ya kugonga na kusikiliza inakueleza gari lako kuliko maneno yote ya aliyekuuzia.

Baada ya hapo ni kukwangua: patasi kwa magamba, brashi ya waya kwa pembe, grenda kwa sehemu pana, msasa kumalizia. Miwani na barakoa visivuliwe. Wapaka rangi wa vyuma wana kiwango cha kimataifa, ISO 8501-1, chenye picha za chuma kilichosafishwa kwa ngazi tofauti. Ngazi ya juu inayofikika kwa zana hizi inaitwa St 3: kutu na rangi iliyolegea vimeondoka, na chuma kinatoa mng'aro wake. Nimeona uani, chini ya mwembe, mihimili ambayo ingestahili kuwekwa kando ya picha hizo. Penye namba ya chasisi weka grenda kando kabisa. Safisha kwa brashi laini ya mkono, kwani namba ikifutika utakuwa na gari zuri usiloweza kuthibitisha kuwa ni lako.

Kwenye vishimo ambavyo waya haufiki kuna dawa za kugeuza kutu. Nyingine zina asidi ya fosforasi, nyingine tanini, ambayo ikikutana na kutu huigeuza kitu cheusi chenye rangi ya samawati kinachotulia. Tanini imo kwa wingi kwenye magome ya mkandaa na mkoko, yale yaliyokuwa yakivunwa Rufiji na kupelekwa ng'ambo kutengenezea ngozi. Nafurahi kila nikifikiri kwamba mti unaosimama ndani ya maji ya chumvi una dawa ya chuma kilicholiwa na chumvi.

Rangi ipakwe msimu wa kaskazi, masika ikiwa bado mbali. Asubuhi mapema chuma cha pwani huwa na umande hata kama hauonekani. Kanuni ya wapaka rangi ni kwamba chuma kizidi joto la umande, yaani lile ambalo umande huanza kutunga, kwa angalau nyuzi 3 za Selsiasi. Subiri jua lipande. Kwanza piga kwa brashi kingo, viungo vya kuchomelea na vichwa vya nati, kwa sababu rangi mbichi hujivuta kutoka kwenye kingo na kuziacha na utando mwembamba. Kisha praima mhimili mzima, kisha nyeusi ya juu, mikono miwili, kila mmoja ukauke kwanza.

Majahazi yetu yalitunzwa hivyo hivyo. Maji yakikupwa chombo kililazwa mchangani, kikakwanguliwa vyote vilivyoganda tumboni, kikapakwa deheni ya chokaa na shahamu pale ambapo bahari ingefunika tena kwa maji yanayofuata. Nahodha hakuulizwa kwa nini anahangaikia pasipoonekana. Mwenye pikapu huulizwa, na jirani yangu aliniuliza. Nikampa nyundo agonge chasisi ya gari lake.

Inabaki sehemu ya ndani ya mihimili, ambayo brashi haiingii. Huko hupulizwa nta maalumu kwa mrija mrefu mpaka ianze kudondoka kwenye matundu ya chini. Wapo wanaomimina oli chafu. Nawashauri waache, maana hulainisha bushi za mpira na kumwagikia udongo tunaolima mchicha. Matundu yenyewe yasizibwe na rangi wala nta, kwa kuwa ndiyo njia ya maji kutoka. Kila masika ikiisha, yazibueni kwa kipande cha waya, mwoshe chini kwa maji baridi, mgonge upya.