Lugha Isiyojua Kukataa

Kuna watumishi wa namna mbili. Mmoja, akiagizwa jambo asilolifahamu, husimama akauliza. Wa pili huona haya kuuliza. Hukisia maana, akatenda, na bwana wake hugundua kosa jioni, mambo yamekwisha haribika. Lugha ya kompyuta iitwayo JavaScript ni mtumishi wa namna ya pili.

Lugha hii ilitungwa na Brendan Eich mwezi wa Mei, 1995, katika kampuni ya Netscape huko Marekani, kwa muda wa siku 10 tu. Ilikusudiwa kuzipa uhai kurasa za intaneti, hata mikononi mwa watu wasio mafundi. Kwa hiyo ilifunzwa kutokataa kazi. Tazama matokeo yake. Ukiiambia ijumlishe 5 na 1, hujibu 6. Lakini 5 hiyo ikitiwa ndani ya alama za kunukuu, si namba tena bali ni maandishi. Lugha huviunga vyote viwili ikajibu 51. Ukiiambia itoe 1 katika 5 ile ile ya maandishi, hujibu 4! Sababu ni kwamba alama ya kujumlisha ina kazi mbili, kuhesabu na kuunga maneno. Alama ya kutoa ina moja. Kadhalika, ukiipa 10, 9 na 1 izipange bila maelezo zaidi, hukuletea 1, 10, 9, kwa kuwa huzipanga kama maneno ya kamusi.

Wengi huyacheka mambo haya, lakini kicheko si hukumu. Tarakimu azichapazo mteja katika ukurasa hupokewa kama maandishi. Mwenye duka ambaye programu yake imejumlisha shilingi 100 na 50 ikapata 10050 hana la kucheka.

Hata hivyo, yatupasa kuhukumu kwa haki. Kwamba 0.1 na 0.2 huleta 0.30000000000000004 si dhambi ya JavaScript peke yake. Lugha nyingine nyingi zenye kanuni ile ile ya kuhesabu desimali hujibu vivyo hivyo. Bali ukiiuliza null, ambayo maana yake ni hapana kitu, ni ya jamii gani, nayo ikajibu kuwa ni kitu, hilo ni kosa lake halisi. Limeachwa kwa sababu kulisahihisha kungeharibu kurasa zilizokwisha andikwa.

Basi wema wa lugha hii na aibu yake vina shina moja: haikatai. Dawa iko kwa mtungaji. Na ageuze maandishi kuwa namba kabla ya kuhesabu; na alinganishe kwa alama tatu za usawa, ===, zinazotofautisha namba 5 na maandishi ya 5, wala si kwa alama mbili, zisemazo kuwa ni sawa. Kuuliza si ujinga. Mtumishi asipouliza, yampasa bwana aseme wazi.