Nilivyomsoma Zakaria mara mbili

Majuzi mwanafunzi wangu wa uzamili aliniuliza swali linaloonekana jepesi: “Profesa, ni kitabu gani cha Kiswahili ambacho hakijawahi kukutoka akilini?” Nilitaka kutaja tamthilia za Ebrahim Hussein, nionekane msomi kwelikweli. Lakini ulimi ulinitangulia. Nikasema: Rosa Mistika.

Riwaya hiyo ya Euphrase Kezilahabi ilichapishwa mwaka wa 1971, kisha ikapigwa marufuku katika shule za Tanzania. Mimi niliisoma nikiwa kidato cha tatu, nakala isiyo na jalada, tukipokezana bwenini usiku. Tusidanganyane, msomaji wangu: tulikuwa tukizisaka kurasa zilizoiletea marufuku. Nilipofika mwisho nilimhukumu Rosa upesi. Msichana amepotoka, amevuna alichopanda, kesi imefungwa. Ndivyo tulivyofunzwa kusoma: tafuta dhamira, andika funzo, funga kitabu.

Miaka ishirini na ushei baadaye, nikiwa baba, nilikuta barua ya mvulana ndani ya daftari la binti yangu. Nilinguruma! Sikuinua mkono, lakini sauti ilitosha. Mtoto alinyamaza, na kimya chake kikakaa nyumbani mwetu miezi mingi. Usiku huo nilimkumbuka Zakaria, babake Rosa, anayemcharaza bintiye kwa sababu ya barua ya kijana aitwaye Charles. Ati mimi si mlevi kama Zakaria, nilijiambia. Sawa, lakini barua je? Nikaitafuta riwaya ile, nikaisoma upya hadi alfajiri.

Safari hii niliona nilichokosa kukiona bwenini. Rosa anaangamia kwa woga aliotoka nao nyumbani. Amelelewa asithubutu kuzungumza na mvulana, kisha anaingia katika ulimwengu wa wanaume wenye vyeo na pesa bila kujua hata namna ya kusema la. Kezilahabi hamfichi makosa yake, wala hamwachi Zakaria ajitakase. Mwishoni anawasimamisha wote wawili mbele ya Mungu, baba na binti wakilaumiana, na lawama za kila upande zina uzito. Hapo mwanafunzi atanakili funzo gani?

Riwaya yenyewe ina dosari. Maafa yanarundikana mno kuelekea tamati, hadi msomaji akahisi mwandishi anaharakisha kuwaondoa wahusika jukwaani. Hata hivyo, dosari hiyo haijanipunguzia chochote.

Ndiyo maana huumia moyo ninapowaona wanafunzi wetu wakisoma mwongozo kabla ya kuifungua riwaya. Mwongozo utawapa orodha ya dhamira, sifa za wahusika na mbinu za lugha, na pengine alama nzuri katika mtihani. Lakini hautawauliza wao wenyewe wamesimama wapi katika hadithi. Na mwalimu anayefundisha kwa mwongozo, naye hataulizwa.

Binti yangu sasa ni mtu mzima. Mwaka aliomaliza chuo nilimpa nakala yangu. Aliirudisha baada ya wiki moja, akaketi, akaniuliza: “Baba, ulipoisoma ulikuwa upande wa nani?”

Nilimwambia ukweli. Mara ya kwanza, nilikuwa upande wa Zakaria.