Mlinda Mlango na Mwalimu: Maoni juu ya Filamu Mbili za Kandanda ya Wanawake wa Zanzibar

Filamu ninazokusudia kuzihakiki hapa ni mbili. Ya kwanza ni Zanzibar Soccer Queens, iliyotolewa mwaka 2007 na Florence Ayisi, mzaliwa wa Kameruni na mwalimu wa filamu katika chuo kikuu huko Wales. Ya pili ni Zanzibar Soccer Dreams, ya mwaka 2016, ambayo Ayisi aliitengeneza pamoja na Catalin Brylla. Zote mbili zahusu timu ya wanawake ya Unguja iitwayo Women Fighters, na miongoni mwa watu wake wakuu yumo Nassra Juma Mohammed, aliyekuwa mchezaji kisha akawa mwalimu wa timu. Huenda msomaji akauliza mhakiki wa Kiswahili ana shughuli gani na kandanda. Jibu langu ni kwamba filamu ya namna hii ni masimulizi, na masimulizi yanayodai kutueleza maisha ya watu wetu yapasa kupimwa kwa mizani ile ile tunayopimia hadithi na tenzi.

Sina budi kwanza kuukiri wema wa filamu ya 2007. Kabla ya kuja kwetu, Ayisi alikuwa amekwisha shirikiana na Kim Longinotto kutengeneza Sisters in Law (2005), inayohusu wanawake wenye kazi ya sheria katika mji wa Kumba, Kameruni. Jicho lile lile alilotazamia Kumba ndilo alilokuja nalo Unguja: halimtazami mwanamke wa Kiafrika kama mtu angojaye kuhurumiwa. Wachezaji wa Women Fighters tunawaona wakicheka, wakifanya kazi za nyumbani, wakifunga viatu na kwenda uwanjani. Wanaowapinga nao wamepewa nafasi ya kusema maneno yao, wala hawakudhihakiwa. Huo ni uadilifu, na si watengenezaji wote wa filamu juu ya nchi zetu walio nao.

Walakini, swali moja limeitawala filamu hiyo tangu mwanzo: je, yamfalia mwanamke Mwislamu kucheza mpira? Wengi wanaosimama mbele ya kamera huwa kama mashahidi waliokuja kutoa ushahidi upande huu au upande ule. Swali lenyewe ni kubwa, na hapana atakayelidharau aliyekulia katika visiwa hivi. Lakini likiachwa peke yake, mchezaji hugeuka kuwa kesi. Tunajua baba yake alisema nini, jirani alisema nini, na yeye mwenyewe alijibu nini. Uchezaji wake twaujua kidogo mno.

Jambo hili sikuling'amua mwenyewe, nililifunzwa. Nilikuwa Madungu, Chake Chake, nikizungumza na wanafunzi juu ya filamu hizi. Baada ya mjadala mrefu wa mavazi na ruhusa, msichana mmoja aliyekuwa mlinda mlango katika timu ya skuli alinyosha mkono akasema: "Mwalimu, nilitaka kuona wanafundishwaje kudaka." Sisi wengine tulikuwa tukibishana kama ana haki ya kusimama golini, naye alikwisha simama, na sasa alitaka ujuzi. Swali lake lilikuwa uhakiki ulio bora kuliko wangu.

Tuichukue basi kazi ya mlinda mlango iwe kipimo chetu. Lango lina upana wa mita 7.32 na kimo cha mita 2.44, na hapana mtu awezaye kulijaza kwa mwili wake. Kwa hiyo golikipa hodari haungoji mpira mstarini. Hutoka, hupunguza pembe, na huwapanga walinzi wake kwa sauti kabla hatari haijafika. Tangu mwaka 1992, sheria ilipomkataza kushika kwa mikono mpira aliorudishiwa makusudi kwa mguu na mwenzake, imembidi awe na miguu mizuri pia. Mwaka ule ule wa 2007 filamu ya kwanza ilipotoka, Nadine Angerer wa Ujerumani alimaliza Kombe la Dunia la Wanawake huko China bila ya kufungwa hata bao moja, na katika fainali aliuzuia mkwaju wa penalti wa Marta wa Brazili. Baada ya kustaafu alikuwa mwalimu wa walinda mlango huko Portland, Marekani. Na karibu zaidi na kwetu yupo Ann Chiejine wa Nigeria, aliyecheza katika Kombe la Dunia la kwanza la Wanawake mwaka 1991, na baadaye akawafundisha walinda mlango wa timu ya taifa lake.

Safari hii ya kutoka golini hadi kwenye ualimu si ya ajabu. Mlinda mlango ndiye pekee auonaye uwanja wote mbele yake muda wote wa mchezo. Makosa ya wenzake kumi huyaona yakizaliwa, naye huyarekebisha kwa ulimi kabla ya kuyarekebisha kwa mikono. Kuona na kusema ndiyo kazi ya mwalimu vilevile. Nalitumia neno "mwalimu" kwa makusudi, kwani ndilo tunalomwitia mkuu wa timu. Neno hilo hutumika chuoni, skulini na uwanjani, na heshima yake haipungui likihama. Mwanamke aitwapo mwalimu na wachezaji wake, amepewa cheo ambacho jamii yetu inakijua tangu zamani. Kwa hiyo ningetamani kamera ikae zaidi na Nassra akiwa kazini: anamrekebishaje mchezaji aliyekosea? Anachagua maneno gani baada ya kufungwa?

Historia yaonyesha kwa nini maswali haya si madogo. Mwaka 1986 mashindano ya kwanza ya wanawake ya Afrika ya Mashariki na Kati yalifanyika Zanzibar, na Zanzibar ikatwaa ubingwa. Mashindano hayo hayakurudiwa mpaka mwaka 2016, huko Jinja, Uganda. Safari hiyo Tanzania Bara ndiyo iliyotwaa kombe, na Zanzibar ilifungwa mechi zake zote kwa mabao mengi. Kati ya miaka hiyo 30 kizazi kizima cha wachezaji kilipita bila ya kipimo cha namna hiyo. Wasichana waliokwenda Jinja walikuwa na ruhusa. Walichokosa ni miaka ya mafunzo na mashindano. Ruhusa haidaki mpira.

Atatokea wa kunijibu kwamba penye katazo hapana mafunzo, na kwamba kwa wazazi wengi swali la kwanza halijakwisha. Nakubali. Nakubali pia kwamba filamu ya pili imepiga hatua, kwani yawatazama wasichana wa skuli na mpira wao, si timu moja tu. Lakini hata katika jambo la mavazi ulimwengu haukusimama: mwaka 2014 sheria za mchezo ziliruhusu rasmi kufunika kichwa, na mwaka 2023 Nouhaila Benzina wa Moroko alicheza Kombe la Dunia akiwa amevaa hijabu. Msimulizi wa leo aweza kulitaja swali hilo, alijibu, kisha aendelee mbele.

Hukumu yangu, basi, ni kwamba filamu hizi zimewatetea wanawake wa Zanzibar kwa haki na kwa upendo, lakini hazijawahakiki kama wachezaji. Kumhakiki mtu ni kumheshimu: ni kukubali kwamba anachofanya ni ujuzi, nao waweza kuwa mzuri au mbaya. Mshairi haridhiki kuambiwa kwamba ana ruhusa ya kutunga. Ataka kujua kama mizani yake imekaa sawa. Kamera, aghalabu, imekaa Unguja. Atakayevuka bahari kuja Pemba na aanzie Chake Chake, karibu na uwanja wa Gombani, na swali lake la kwanza kwa msichana aliye golini liwe juu ya mpira.