Mtuba, Nyundo na Barabara ya Masaka

Anayeiona lubugo, nguo ya gome la mti, imekunjwa sokoni Owino, katikati ya Kampala, huona nguo tu: kahawia ya udongo mwekundu, nzito kidogo, yenye harufu ya moshi. Haoni shamba. Nami naamini hakuna ufundi Uganda unaohitaji shamba kama huu.

Lubugo hutoka kwenye gome la mtuba, na mtuba hupandwa. Mkulima wa Mawokota, huko Buganda, hukata tawi nene, akalichimbia kati ya migomba na mibuni, nalo likachipua. Kwa miaka ya mwanzo mti huo kazi yake ni kuikinga mibuni na jua na kushikilia ua. Kabla shina halijanenepa, fundi wa lubugo ni mkulima kama jirani zake, na jembe ndilo chombo chake.

Mvua zikinyesha, gome hulegea. Fundi hukwangua ganda la juu, akakata duara chini ya matawi, duara jingine karibu na ardhi, kisha mstari mmoja wa kuyaunganisha. Gome hutoka zima, kama koti. Linalofuata ndilo linalonifanya niwaheshimu sana watu hawa: shina lililobaki uchi hufungwa majani ya mgomba, jua lisiliue. Chini ya majani hayo gome jipya huota, nalo huwa laini kuliko lile la kwanza. Mti uliotunzwa huvunwa hivyo mwaka baada ya mwaka, kwa miongo. Seremala wa Ndeeba, mtaa wa Kampala, hata awe hodari vipi, huanza kazi mti ukishakufa. Fundi wa lubugo hawezi kuishi bila mti ulio hai.

Gome likishalainishwa kwa moto, hupelekwa kibandani, kwenye gogo. Kibanda hakina kuta ila kina paa, maana jua lingelikausha kabla halijatanuka. Nyundo nazo ni za mti mgumu, zimechongwa mifuo: pana za kuanzia, nyembamba za kumalizia. Hapa mkono wa mchonga mbao hujulikana, kwa kuwa mfuo uliochongwa ovyo huacha alama yake kwenye nguo. Watu hupiga kwa kupokezana, saa baada ya saa, na gome hupanuka mara kadhaa ya upana wake. Mwishoni huanikwa juani, rangi ikolee, na palipotoboka hushonwa kiraka.

Kwa Kabaka, mfalme wa Buganda, kazi hii ni ya ukoo wa Ngonge, chini ya Kaboggoza, fundi mkuu wa kurithi. UNESCO iliitangaza mwaka 2005 na kuiingiza katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu mwaka 2008. Sisi wa Kiswahili tuna deni hapa. Tangu Ahmed bin Ibrahim alipofika kwa Kabaka Ssuuna mwaka 1844, misafara ya Waarabu na Waswahili ilileta nguo za pamba kutoka pwani, na nyundo nyingi zikanyamaza. Hata hivyo lubugo haikuondoka penye mambo mazito. Maiti bado huzikwa nayo. Huko Kasubi, kwenye nyumba ya makaburi ya wafalme wa Buganda, pazia la lubugo ndilo lililowatenga makabaka wanne na macho ya wageni hadi moto ulipoiteketeza nyumba hiyo tarehe 16 Machi 2010, na hakuna kitambaa cha kiwandani ambacho kingeweza kushika nafasi hiyo nyumba ilipojengwa upya.

Kwa kuwa lubugo bado inahitajika, fundi husafiri. Msimu wa mvua huzunguka mashamba ya majirani kutafuta magome. Kiangazi hupakia mizigo kwenda Kampala kwa barabara ya Masaka, na huko siku hizi wachoraji na wabunifu wa mavazi nao wanamsubiri. Watu husema anasawazisha kazi tatu: shamba, nyundo na safari. Naona ni kazi moja tu, nayo imefungwa kwenye shina. Akikawia mjini mvua zikapita, mwaka huo hana nguo. Na jirani akiuza kiwanja, mtuba ukakatwa kupisha nyumba, hakuna nyundo itakayoufidia. Maagizo ya mjini yanaongezeka leo, ilhali tawi linalochimbiwa leo litahitaji miaka kadhaa kabla ya kuvuliwa gome la kwanza, lile gumu.